Mwanangu katimiza miaka mitatu, viza yangu "haina fedha za umma". Nasari ya kulipiwa na serikali ya Uingereza ni haki yake au najitafutia balaa?

#1 mama_wa_zamu, 11 Novemba 2025

Habari zenu wakuu. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule mrefu wa viza, wangu ni wa mtoto.

Niko Midlands, England. Nilikuja mwanzoni mwa 2023 kwa viza ya kazi ya kulea wazee. Mume na binti walinifuata miezi minne baadaye, kabla serikali haijafunga mlango wa kuleta familia kwa viza hii mwezi Machi 2024. Binti yetu kazaliwa 9 Septemba 2022, kwa hiyo katimiza mitatu juzi juzi tu.

Maisha yetu ni ya kupokezana lindo. Mume yuko ghalani usiku, anaingia saa nne anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi zamu yangu inaanza saa moja. Tunakutana mlangoni, yeye anavua buti, mimi navaa koti, mtoto yuko katikati yetu na uji mdomoni. Baada ya hapo baba mtu ambaye hajalala ndiyo anaanza kulea mpaka nirudi. Wiki iliyopita nimeingia ndani nikamkuta kazimika kwenye zulia, mtoto kamfunika taulo na kampanga vijiko kifuani. "Baba anaumwa, nampa dawa." Nikacheka, halafu nikaenda bafuni kulia.

Sasa kazini Mwingereza mmoja kaniambia kila mtoto wa miaka mitatu huku ana masaa 15 kwa wiki ya nasari, serikali inalipa. Nikampigia shemeji yangu, yeye yuko huku miaka mingi. Akaja juu: "Usithubutu! Viza yako imeandikwa huna haki ya fedha za umma. Ukiigusa hiyo nasari, siku ya kuongeza viza wanakurudisha Tandale."

Niko njia panda. Ya kulipia mwenyewe nimeshaulizia, bei ya siku moja inameza zamu yangu ya siku moja, nabaki nafanya kazi ya kumlipa anayenilelea. Mwenye uzoefu anisaidie, sitaki stori za kusikia.

#2 Mjomba Likoni

Naweka kambi hapa. Mtoto wangu ni wa Machi. Wajuzi waje.

#3 Kipanga wa Coventry

Dada, msikilize shemeji yako. Fedha za umma ni fedha za umma. Nasari inalipwa na nani kama siyo serikali? Mimi nina jamaa alidai kitu cha serikali, mpaka leo viza yake iko kwa mawakili. Vumilia mpaka upate ukaazi, mtoto haozi.

#4 BintiUnguja

Kipanga, jamaa yako alidai kitu gani? "Kitu cha serikali" kina mipaka yake ati. Hata barabara tunayopita na daktari tunayemwendea ni vya serikali.

Dada mama_wa_zamu, mie nimepita hapo hapo unapopita wewe, viza ya kazi, muhuri ule ule. Neno "fedha za umma" kwenye uhamiaji lina orodha yake iliyoandikwa: Universal Credit (ruzuku ya wenye kipato kidogo), pesa ya watoto ya kila mwezi, msaada wa kodi ya nyumba, nyumba za halmashauri na mfano wa hayo. Skuli haimo. Na masaa 15 ya mtoto wa miaka mitatu na minne nayo hayamo, kwa sababu wenyewe wanayahesabu ni elimu. Hayaangalii mzazi ana viza gani, anafanya kazi au hafanyi, ana kipato gani. Yanaangalia umri wa mtoto na kwamba anaishi England, basi.

Wangu kamaliza maandalizi huku kwa masaa hayo, yuko skuli sasa. Viza nimeongeza mara moja baada ya hapo, sikuulizwa hata neno.

#5 mama_wa_zamu

BintiUnguja Mungu akubariki. Nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo kesho naweza kwenda kumwandikisha aanze wiki ijayo?

#6 Mwalimu wa Chekechea

Hapana mdogo wangu, kaa chini kwanza nikueleze, hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mimi nafanya kazi nasari huku mwaka wa tisa sasa, nawaona wazazi wanaokuja na keki ya birthday mkononi wakidhani mtoto anaanza siku anayotimiza mitatu.

Masaa yanaanza muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza mitatu. Aliyetimiza kati ya 1 Septemba na 31 Desemba anaanza Januari. Aliyetimiza kati ya 1 Januari na 31 Machi anaanza Aprili. Aliyetimiza kati ya 1 Aprili na 31 Agosti anaanza Septemba. Binti yako ni wa 9 Septemba, kwa hiyo ni Januari 2026. Angewahi kuzaliwa siku kumi tu, angekuwa darasani tangu Septemba hii.

Lakini usisikitike. Wa 31 Agosti huwa nawaonea huruma: anaanza nasari Septemba, Septemba inayofuata anapelekwa darasa la kwanza la shule, lile wanaloliita Reception, akiwa na miaka minne na siku moja, hata zipu ya koti hawezi kufunga. Wako ataingia Reception Septemba 2027. Atapata mihula mitano ya nasari, wa Agosti anapata mitatu.

Januari ndiyo anaanza, ila nafasi unaitafuta leo. Serikali inalipia masaa, haikutafutii kiti. Nasari nzuri zinajaa mapema. Na kuhusu masaa yenyewe: ni 15 kwa wiki kwa wiki 38, yaani mihula ya shule tu, jumla 570 kwa mwaka. Likizo hakuna. Nasari nyingine za binafsi zinakubali kuyatandaza mwaka mzima, ila ukiyatandaza yanakuwa kama 11 kwa wiki. Ni yale yale, umeongeza maji kwenye mchuzi.

#7 mama_wa_zamu

Ahsante sana mwalimu. Kumbe nilikuwa karibu kwenda kujiaibisha. Sasa hizo nasari ziko za aina ngapi? Huku kwetu naona jengo moja la binafsi lina picha za vipepeo, na shule ya msingi karibu na kituo cha basi.

#8 Mwalimu wa Chekechea

Anza na hiyo shule ya kituo cha basi. Shule nyingi za msingi zina darasa la nasari, na huwa hazina mambo mengi ya ankara. Za binafsi zinafunguliwa mapema na kufungwa jioni, hazifuati likizo za shule, ila hesabu zake lazima uzisome kwa miwani. Kuna pia walezi waliosajiliwa wanaolea watoto wachache nyumbani kwao, nao wanaweza kupokea hayo masaa. Kwa watu wa zamu kama nyinyi msiwadharau, baadhi wanapokea mtoto alfajiri. Masaa ya serikali yanaruhusiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, mradi yasizidi kumi kwa siku moja, lakini mwenye nasari ndiye anayeamua anafungua lini.

Halmashauri yenu ina kitengo cha habari za familia, kwenye tovuti yao utapata orodha ya nasari zote zinazopokea. Ukienda kutembelea usitazame vipepeo ukutani. Tazama walimu wako wapi, wamesimama wanapiga soga au wamekaa chini na watoto? Kwa watoto wa miaka mitatu sheria ni mtu mzima mmoja kwa watoto wanane, au kumi na watatu kama kuna mwalimu mwenye shahada. Uliza nani atakuwa mlezi maalumu wa mtoto wako, kila mtoto lazima awe naye kwa jina.

Nenda na cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto na barua yenye anwani yenu. Wanataka kujua tarehe ya kuzaliwa. Wakikuuliza viza yako kwa ajili ya masaa 15 ya mtoto wa miaka mitatu, waambie kwa adabu haihusiki.

#9 Baba Pacha

Naongezea kwa wale ambao mmoja wenu ana ukaazi au uraia, maana stori ni tofauti na mnaweza kuacha mali mezani.

Mke wangu ana ukaazi wa kudumu. Kwa wazazi wanaofanya kazi, tangu Septemba 2025 ni masaa 30, kuanzia mtoto wa miezi tisa mpaka anapoanza shule. Kila mzazi awe anaingiza angalau wastani wa pauni 195 kwa wiki (hiyo ni ya kuanzia Aprili 2025, ndiyo kima cha chini cha mshahara wa saa mara masaa 16, kinabadilika kila Aprili), na asiwepo anayezidi 100,000 kwa mwaka. Mmoja tu akiwa na ruhusa ya fedha za umma inatosha. Nyote wawili mkiwa hamna, kama dada hapo juu, hii haiwahusu, mnabaki na 15.

Hii unaomba mtandaoni kwa serikali, wanakupa namba ya tarakimu 11. Wenyewe wanaiita "code". Mama mkwe alivyotusikia tunahangaika na "kodi ya watoto" akadhani tunalipa kodi ya kuwa na watoto, akatangaza mpaka kanisani kwamba Ulaya wanatoza kodi kila pacha.

Sasa sikieni yaliyonikuta. Mwaka jana tulijua watoto wanaanza Januari. Desemba ikawa ya wageni, pilau, na mimi kusema kesho. Nikakaa kuomba tarehe 2 Januari. Namba ikaja siku hiyo hiyo, nikampelekea meneja wa nasari kifua mbele. Akaitazama akaniambia, hii ni ya Aprili. Ili uanze Januari namba lazima iwe mkononi kufikia 31 Desemba. Kwa Aprili ni 31 Machi, kwa Septemba ni 31 Agosti. Siku mbili zimenigharimu muhula mzima wa kulipa kutoka mfukoni, mara mbili, maana pacha kila mmoja ana namba yake. Mke wangu mpaka leo nikisema "kesho" ananiuliza "ya tarehe mbili?"

Na ukishaipata, kila miezi mitatu unaingia tena kuthibitisha kwamba bado unafanya kazi. Weka kengele kwenye simu.

#10 Kipanga wa Coventry

Sawa, nimesoma yote, na nimeingia kwenye ile orodha ya uhamiaji mwenyewe. Nasari haimo kweli. Yaishe. Ila na mimi niulize, mbona nasari moja hapa wananiambia masaa ni ya bure halafu ankara ina pesa? Au bure ya Wazungu ndiyo hiyo?

#11 Mwalimu wa Chekechea

Hahaha karibu upande wetu mkuu.

Serikali inalipia masaa ya kulea na kufundisha. Chakula, nepi, mafuta ya kujikinga jua, safari za kutembea, hivyo nasari inaruhusiwa kukutoza, ila kwa hiari yako. Hawaruhusiwi kukuambia usipolipa chakula hupati nafasi. Wala hawaruhusiwi kuweka nyongeza kufidia tofauti kati ya bei yao na wanacholipwa na serikali. Mwongozo wa serikali unataka ankara ichanganuliwe, masaa ya bure mstari wake, chakula mstari wake, masaa ya ziada mstari wake. Ukiona mstari mmoja umeandikwa "ada", omba mchanganuo. Ukizungushwa, piga simu halmashauri, kitengo cha watoto wadogo. Huhitaji kugombana na mtu mapokezini.

Niseme na ukweli wa upande wetu: nasari nyingi zinalia kwamba malipo ya serikali kwa saa hayatoshi, ndiyo maana wanakazana kwenye chakula. Sisemi wana haki. Nasema ujue kwa nini yule dada wa ofisini anakuwa mkali.

#12 mutoto_wa_Bukavu

Bandugu, mie niko Bolton. Tulifika na mutoto wa miaka mbili, makaratasi yetu ilikuwa bado, tunangoja jibu ya ukimbizi. Muuguzi ule anapitaka ku nyumba kuangalia batoto njo aliniambia: mutoto wa miaka mbili naye anaweza kupata masaa 15 kama muko chini ya musaada wa asylum. Mie nilisema anacheka nami. Alijaza karatasi pamoja nami, baada ya wiki tatu mutoto akaanza. Mweye wenye kungoja majibu, musikae na batoto ndani ya chumba kimoja ya hoteli. Muulize.

#13 BintiUnguja

Umenena kaka wa Bukavu. Na hapo hapo niongeze kwa wenye viza kama zetu wenye mtoto wa miaka miwili, maana hili hata mie nililijua kuchelewa. Wapo wanaostahiki, ila hapa kipato cha familia nzima kinaangaliwa. Nje ya London kisizidi pauni 26,500 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, 30,600 kwa wawili au zaidi. London ni 34,500 na 38,600. Na akiba yenu isizidi 16,000, sijui nani mwenye hiyo akiba. Maombi yanapitia halmashauri. Mtoto akitimiza mitatu, habari ya kipato inakwisha, kila mtoto anaingia.

#14 mama_wa_zamu

Sisi mishahara miwili inapita hapo, tusingepata. Ila kuna dada tunayefanya naye kazi, analea peke yake, mtoto ana miaka miwili na miezi mitano. Nimemtumia huu uzi sasa hivi. Alikuwa anamlipa jirani.

#15 Nyota_Glasgow

Nyie wa England mnateseka na tarehe. Huku Scotland tangu Agosti 2021 kila mtoto wa miaka mitatu na minne ana masaa 1,140 kwa mwaka, mzazi anafanya kazi asifanye. Ni kama 30 kwa wiki kwenye mihula ya shule. Na chakula cha mchana ndani yake.

#16 Baba Pacha

Nyota, tumeomba ushauri, hatujaomba kuumizwa roho.

#17 Mzee Kigogo

Wanangu, nimesoma huu uzi nikiwa Dodoma. Enzi zetu vidudu ilikuwa godauni la kijiji, na kila mtoto na kopo lake la vizibo vya soda vya kuhesabia. Siku hizi hapa shule za serikali awali haina ada tangu Januari 2016, ingawa uji na michango havijaisha. Lakini mtoto wa miaka mitatu? Si bado ananyonya huyo? Na Kiswahili chake si kitapotea akikaa na Wazungu kutwa?

#18 Mwalimu wa Chekechea

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo ninaloulizwa zaidi na wamama wa Kiswahili, hata kuliko pesa.

Lugha haipotei nasari, inapotea nyumbani. Namaanisha pale mzazi anapoogopa mtoto atachelewa, anaanza kumsemesha Kiingereza chake cha kuokoteza. Mtoto anakosa vyote viwili. Mwongozo wa taifa wa elimu ya watoto wadogo unaitaka nasari yenyewe itafute njia ya mtoto kutumia lugha ya nyumbani akiwa pale anacheza. Kwa hiyo msione haya kuitaja. Mpe mlezi wake karatasi yenye maneno kumi ya Kiswahili ambayo mtoto anayatumia akiwa na shida: maji, nimeshiba, naumwa, nataka kulala. Yaandike jinsi yanavyotamkwa. La kwanza kabisa liwe la chooni, kwa sababu hilo halingojei tafsiri.

#19 Mjomba Likoni

La chooni kwa Kiswahili gani sasa? Kwetu Mombasa mtoto akibanwa asema "susu". Huyo mwalimu Mzungu akiandikiwa "kojo" na mtoto asema susu si ataloa?

#20 BintiUnguja

Aandike alisemalo mtoto wake jamani, si kamusi hii.

#21 mama_wa_zamu, 2 Desemba 2025

Nipo wakuu, sijapotea, zamu tu.

Nilianza na ile ya vipepeo kwa sababu ndiyo ilinijibu haraka. Wakaniambia nafasi ipo, ila chakula ni lazima kulipia kila siku, na masaa ya bure yanatolewa kwa siku nzima tu, kwa hiyo lazima ununue na masaa ya ziada. Nikamuuliza kwa upole, chakula ni lazima au hiari? Akaniambia "ndiyo utaratibu wetu". Nikaomba anitumie kwa barua pepe iliyochanganuliwa. Mpaka leo kimya. Sikutaka ugomvi, nikaenda shule ya kituo cha basi.

Pale mwalimu alinipokea na matope kwenye magoti. Nikakumbuka neno la Mwalimu wa Chekechea, nikajua huyu anakaa chini na watoto. Wamenipa chaguo mbili: asubuhi tano za masaa matatu matatu, au siku mbili na nusu. Nisaidieni hapo.

#22 Baba Pacha

Siku mbili na nusu, usifikirie mara mbili. Asubuhi tano maana yake mzee atoke kazini saa kumi na mbili, asubiri mpaka saa tatu ampeleke, arudi, alale masaa mawili, saa sita awe getini. Huo siyo usingizi. Siku nzima mbili analala kama binadamu.

#23 Mwalimu wa Chekechea

Kwa mtoto asiyejua Kiingereza asubuhi tano huwa ni nzuri, anazoea haraka kwa kuonana na wenzake kila siku. Lakini baba asiyelala anayevuka barabara na mtoto ni hatari zaidi ya lugha. Chukua siku mbili na nusu, na omba wiki ya kwanza akae muda mfupi mfupi wewe ukiwepo.

Kingine usije ukasahau: kuwa kwenye nasari ya shule hakukupi kiti cha Reception shule hiyo hiyo. Hiyo ni maombi mapya kupitia halmashauri, na kwa binti yako mwisho ni 15 Januari 2027. Kila mwaka tunafuta machozi ya mzazi aliyedhani mtoto atasogezwa tu darasa linalofuata.

#24 mama_wa_zamu, 24 Januari 2026

MREJESHO

Wakuu, binti kaanza. Jumatatu na Jumanne saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, Jumatano mpaka saa sita mchana. Masaa yangu 15 kamili, na ankara sijaletewa kwa sababu chakula natoka nacho nyumbani.

Siku ya kwanza alilia mpaka akatapika uji. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nikakaa kwenye kiti kidogo cha watoto magoti yamenigusa kidevu. Siku ya pili alilia nusu. Siku ya tatu akanionyesha ndoano yake ya koti, kila mtoto ana picha yake, yeye kapewa kobe. Amekataa kabisa koti la mtu mwingine liguse kobe.

Karatasi ya maneno niliandika, kumi na mawili. Mlezi wake kaibandika ndani ya mlango wa kabati. Juzi nimefika kumchukua nikamsikia yule dada wa Kiingereza anamwambia "ma-ji?" na mwanangu anamsahihisha, "maji", kwa sauti ya mwalimu mkuu. Na la chooni tuliandika "kojo", Mjomba usijali, hajaloa mtu.

Nilikosea moja. Jumanne nilimfungia wali na mchicha wa karanga, ule wa nazi. Chombo kimerudi hakijaguswa, na kikaratasi cha heshima kabisa kwamba shule hairuhusu karanga, kuna mtoto mwenye mzio. Sikuwa nimesoma ile fomu ukurasa wa nne. Mwenye kupika mchicha wa karanga Jumatatu usiku ajue.

Mume wangu Jumatatu ya pili kalala kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane. Aliamka akanipigia simu kazini, kaogopa, alidhani siku imepita.

Shemeji nimemtumia huu uzi. Kajibu "sawa" peke yake. Jana wifi kanipigia pembeni kuniuliza wajukuu wa dada yake wanaanza mwezi gani.

#25 BintiUnguja

Alhamdulillahi. Hapo kwa kobe nimetoa machozi.

#26 Kipanga wa Coventry

Na mimi kijana anaanza Aprili, nimeshasaini. Chakula nimekataa, natoka nacho. Walinitazama, nikawatazama.

#27 mgeni_2026

Habari zenu, nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Mwanangu anatimiza mitatu tarehe 1 Aprili mwaka huu. Kwa hiyo anaanza Aprili, siyo?

#28 Mjomba Likoni

Septemba. Soma namba 6. Wangu ni wa 31 Machi, anaanza Aprili.

#29 mgeni_2026

Siku MOJA? Na uchungu ulinianza tarehe 30 jamani!